Mizinga ya Mikokoni: Jinsi Milango ya Rufiji Ilivyolindwa, 1914–1915

Kusini ya Dar es Salaam, mkabala na kisiwa cha Mafia, mto Rufiji hauingii baharini kwa mdomo mmoja. Hugawanyika kwanza ukawa mikono mingi inayopindapinda ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, kisha kila mkono hujitafutia mlango wake: Kikunja, Simba Uranga, Suninga na mingineyo. Kwa miezi 8 na siku 11, kuanzia tarehe 30 Oktoba 1914 hadi tarehe 11 Julai 1915, milango hiyo ilikuwa imefungwa kwa pande zote mbili. Waingereza waliifunga kutoka nje ili manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg isitoke, na Wajerumani waliifunga kutoka ndani ili Waingereza wasiingie kuifuata.

Habari za manowari hiyo zimesimuliwa mara nyingi, na takriban kila mara meli yenyewe ndiyo shujaa wa simulizi. Uchambuzi huu unashughulikia kitu kidogo zaidi ambacho wasimulizi wengi hukipita kwa sentensi moja, nacho ni ulinzi wa muda uliowekwa kwenye kingo za milango ya mto: mizinga midogo, bunduki za rashasha, mahandaki na vituo vya waangalizi vilivyofichwa mikokoni. Swali langu ni jepesi kuliuliza. Ulinzi huo uliwarudisha nyuma Waingereza Novemba 1914, ukawanyang'anya chombo kizima Februari 1915, kisha tarehe 6 Julai 1915 ukapitwa kana kwamba haupo. Wapiga mizinga hawakuwa wamelala, na silaha zao zilikuwa za aina ile ile. Basi ni nini kilichobadilika?

Kwa nini Rufiji

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Ilikuwa manowari nyepesi yenye mizinga 10 ya milimita 105, urefu wa mita 115 na watu zaidi ya 300. Vita vilipokaribia ilitoka bandarini tarehe 31 Julai, na tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na Ghuba ya Aden, ikaenda kuipakua makaa ya mawe kwenye visiwa vya Khuriya Muriya katika pwani ya Oman. Baada ya hapo haikuwa na pa kurudi. Tarehe 8 Agosti Waingereza walikuwa wameupiga mnara wa simu ya upepo (simu isiyo na waya) wa Dar es Salaam, na Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Walichofanya kilimzuia adui, lakini kiliizuia pia manowari yao.

Rufiji ilibaki kwa sababu moja ya msingi: Wajerumani walikuwa wameipima kabla ya vita kwa meli yao ya upimaji, Möwe, na walijua kwamba baadhi ya milango yake ina kina cha kupitisha meli kubwa, ilhali ramani za Waingereza hazikuonyesha hivyo. Ngome ya kwanza ya Rufiji, kwa maana hiyo, ilikuwa karatasi ambayo adui hakuwa nayo.

Bamvua na maji mafu

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu bila kuyaelewa maji ya Rufiji hakuna linaloeleweka katika kisa hiki.

Nahodha yeyote wa pwani yetu anajua kwamba mlango wa mto hauna kina kimoja. Una kina cha maji kujaa na kina cha maji kupwa, na juu ya hayo una kina cha bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kina cha maji mafu, yaani maji madogo ya siku za katikati. Katika eneo la Mafia na Rufiji, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Mbele ya kila mlango kuna fungu la mchanga na tope ambalo mto wenyewe umelimwaga, na chombo kinachoweza kulivuka saa kumi jioni kinaweza kukwama juu yake usiku huo huo.

Mzamo wa Königsberg, yaani kina cha sehemu yake iliyo chini ya maji, ulikuwa mita 5.3. Iliingia Rufiji tarehe 3 Septemba 1914, na ukifungua kalenda ya mwezi utaona kwamba mwezi mpevu ulikuwa tarehe 4. Ilitoka tarehe 19 Septemba kwenda Zanzibar, ambako asubuhi ya tarehe 20 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikisafisha boila zake. Giza la mwezi lilikuwa usiku huo huo wa kuamkia tarehe 20. Injini zake zilipoharibika ikarudi Rufiji mara moja, kabla bamvua hilo halijapungua. Kuingia kwake na kutoka kwake vyote vimeangukia siku ambazo mvuvi wa Salale angezitaja bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo mlango wa Rufiji ulikuwa tayari na mlinzi wake. Manowari za Kiingereza Chatham, Dartmouth na Weymouth, zilizokuja kuitafuta Königsberg mwezi Oktoba, zilikuwa meli za ukubwa wa kuvuka mafungu hayo kwa kubahatisha tu, tena bila ramani, na meli ikikwama mbele ya mizinga ya milimita 105 haina pa kukimbilia. Tarehe 30 Oktoba Chatham iliiona milingoti ya Königsberg juu ya vilele vya mikoko, ikaishia hapo. Baadaye ililetwa Goliath, meli ya kivita yenye mizinga ya inchi 12, nayo ilisimama mbali kiasi kwamba makombora yake hayakulifikia shabaha. Fungu la mchanga liliwazuia wakubwa wote.

Mlinzi huyo wa asili alikuwa na tundu moja. Hakuweza kuzuia vyombo vidogo. Mashua ya mvuke, tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine), au boti iliyobeba topedo ubavuni ingepita juu ya fungu wakati wowote wa siku, ikapanda mkondo usiku na kuifikia Königsberg ikiwa imelala. Mizinga ya mikokoni iliwekwa kuziba tundu hilo, na naona ni vizuri kuikumbuka kazi hiyo mahususi, kwa sababu watu wengi huilaumu kwa kushindwa kazi ambayo haikupewa.

Ulinzi wenyewe

Kikosi cha delta kiliongozwa na Schönfeld, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Kijerumani aliyerudishwa kazini. Chini yake walikuwapo mabaharia walioshushwa kutoka melini, Wazungu wa akiba na askari wa Kiafrika. Silaha zao zilikuwa mizinga midogo, mingine ikiwa ile myepesi ya meli yenyewe, pamoja na bunduki za rashasha, ambazo askari wa enzi zile waliziita bombomu kwa kuiga mlio wake. Vituo vya pwani viliunganishwa na meli kwa waya wa simu uliopitishwa msituni, hivyo kwamba chombo kilipoonekana mbele ya mlango Looff aliambiwa palepale, ingawa yeye mwenyewe alikuwa kilomita nyingi ndani na hakuona chochote ila majani.

Aliyewahi kushuka kwenye mtumbwi mikokoni maji yakiwa yamekupwa ataelewa kwa nini ulinzi huo haukuwa wa saruji. Unatia mguu, tope linakupokea hadi goti, na ukiuvuta mguu kiatu kinabaki. Mizizi ya mkoko imepinda juu ya tope kama magoti ya watu waliochuchumaa. Katikati yake hakuna njia, na saa sita baadaye mahali uliposimama pana maji ya kifuani. Katika ardhi kama hiyo handaki haliwezi kuchimbwa popote upendapo, maana litajaa maji mara mbili kwa siku. Lazima utafute kipande cha ardhi iliyoinuka kisichofikiwa na bamvua, na vipande hivyo ni vichache. Mzinga mzito hauwezi kupitishwa wala kusimamishwa. Mzinga mdogo unaweza, na ukishawekwa nyuma ya shina la mchu au mkandaa, ambazo ni aina za mikoko, mtu aliye kwenye mashua mita 200 mbali haoni kitu mpaka aone moshi.

Hiyo ndiyo nguvu ya pekee ya mizinga ile. Ngome ya mawe kama Fort Jesus inatangaza mahali ilipo, imejengwa ionekane. Betri ya muda ya mikokoni, yaani kundi la mizinga lililowekwa pamoja, ilitegemea kutoonekana, na mlango mwembamba uliisaidia zaidi, kwa kuwa chombo kinachoingia hulazimika kupita karibu na ukingo mmoja au mwingine. Kwa umbali huo hata kombora dogo linatoboa boila ya mashua, na bunduki ya rashasha inafagia sitaha nzima.

Inafaa pia kusema wazi kwamba kazi nzito ya ulinzi huu haikufanywa na Wajerumani. Vipande vya injini za Königsberg vilivyoharibika viliburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na walioburuta walikuwa Waafrika. Chakula, kuni, mitumbwi na watu waliojua ni mkondo gani unatoka wapi vilipatikana kwa wenyeji wa delta, Warufiji na Wandengereko, ambao miaka 9 tu kabla ya hapo walikuwa wameona vita vya Maji Maji vikizuka katika vilima vya Matumbi, kusini mwa mto huo huo. Wamepewa nafasi ndogo mno katika maandishi ya pande zote mbili. Lakini waya wa simu haukujipitisha wenyewe mikokoni.

Novemba na Februari: ulinzi unapofanya kazi yake

Jaribio la kwanza lilikuja tarehe 7 Novemba 1914. Siku hiyo Chatham iliifyatulia Somali, meli iliyokuwa ikiihudumia Königsberg kwa makaa, ikaiwasha moto. Waingereza walijaribu pia kupeleka boti zenye topedo ndani ya mto, kwa kuwa topedo moja ilitosha kumaliza shauri lote. Boti hizo zilipokewa kwa risasi kutoka kingo zote mbili na zikarudi bila kuifikia manowari.

Tarehe 10 Novemba walikuja na wazo jingine. Ikiwa haiwezekani kuingia, basi mlango uzibwe. Walichukua meli ya kubebea makaa ya mawe, Newbridge, wakaipeleka na mabaharia waliojitolea hadi ndani ya mkondo wa Suninga, wakaitia nanga omo na tezi ili ilale kukingama, wakailipua. Walipigwa risasi wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Meli ilizama pale walipokusudia, kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba siku hiyo walinzi walishindwa. Sikubaliani na dai hilo moja kwa moja. Newbridge ilikuwa meli kubwa ya chuma iliyokuja kufa. Mizinga midogo isingeweza kuizuia isife. Na milango mingine ilibaki wazi, kiasi kwamba Waingereza hawakuthubutu kuondoka. Königsberg ilisogea ndani zaidi, manowari za kuizuia zikabaki nje, na jaribio la kuziba mto halikurudiwa.

Kisa cha Februari 1915 ndicho kinachoonyesha ulinzi ule ukiwa katika kilele chake. Waingereza walikuwa na tagi iitwayo Adjutant, chombo cha Kijerumani walichokiteka baharini Oktoba iliyotangulia na kukigeuza chao. Wakaituma ichungulie ndani ya mlango wa Simba Uranga. Walinzi waliiacha ikaribie, wakaifyatulia, mfumo wake wa mvuke ukapigwa, na chombo cha mvuke kisicho na mvuke ni gogo tu linaloelea. Ikajisalimisha pamoja na watu wake. Wajerumani wakawa wamerudishiwa tagi yao, tena ikiwa katika hali ya kutengenezeka.

Tazama sasa hesabu ya upande wa pili. Ili kuizuia isitoke meli moja isiyo na makaa ya kutosha, Waingereza walilazimika kuweka mbele ya delta manowari kadhaa kwa zamu, wakati mwanzoni walikuwa wakizihitaji kuisaka manowari nyingine ya Kijerumani, Emden, katika Bahari ya Hindi. Walikiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915 ili wapate pa kusimama. Walimleta kwanza rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege yake ya kuelea ya Curtiss; alifanikiwa kuiona manowari toka angani, kisha Desemba ndege ikaharibika akatekwa. Zikafuata ndege za Sopwith, ambazo joto na unyevu wa pwani vilizilegeza gundi na viungo, kisha za Short. Meli nyingine ya Kijerumani iliyokuwa ikileta makaa kwa ajili ya Königsberg, Rubens, ilifuatwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilitokana na jambo moja: hakukuwa na mashua iliyoweza kuingia mlangoni ikatoka salama na kuleta habari.

Julai: mlango unapopitwa

Dawa iliyopatikana mwishowe ilikuwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zitumike mtoni, na Uingereza ikazinunua vita vilipoanza. Kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6 na mingine mifupi ya inchi 4.7, bamba za chuma ubavuni, na ilizama majini kiasi cha mita 1.8 tu. Zilivutwa kutoka Malta zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni 1915. Huko ziliongezewa mifuko ya mchanga na bamba kwenye sitaha, na tumbo zikajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa ili zikitobolewa zisizame upesi. Manowari ya Mfalme wa Uingereza ikawa imeegemea madebe yale yale ambayo mama wa Kilindoni angetekea maji.

Alfajiri ya tarehe 6 Julai zilivuka fungu la Kikunja. Ukirudi kwenye kalenda ya mwezi, mwezi mpevu ulikuwa umepita tarehe 27 Juni na mwezi mwandamo ulikuwa bado karibu wiki. Yalikuwa maji mafu. Meli yenye mzamo wa Königsberg isingechagua siku hiyo. Severn na Mersey hazikuwa na haja ya kuchagua. Mlinzi wa kwanza wa Rufiji, yaani bamvua, aliondolewa kazini kwa kuletwa chombo ambacho hakimhitaji.

Yakabaki yale mapigano ya mlinzi wa pili. Mizinga midogo na bombomu za kingo zote mbili zilifyatua kama kawaida, kwa umbali ule ule uliowashinda watu wa Novemba. Tofauti ni kwamba safari hii risasi ziligonga chuma. Meli zilijibu kwa mizinga yao midogo zikiwa zinatembea, zikapita, zikaenda kutia nanga karibu na kisiwa kidogo cha Gengeni na kuanza kuipiga Königsberg kutoka umbali wa kilomita 10 hivi, bila kuiona, zikiongozwa na ndege iliyotuma masahihisho kwa simu ya upepo.

Na hapo ndipo sehemu moja ya ulinzi wa muda ilipofanya kazi nzuri kuliko ilivyotarajiwa, nayo haikuwa mzinga. Königsberg nayo ilikuwa haiwaoni maadui zake, lakini makombora yake yaliwaangukia kwa usahihi wa kutisha, kwa kuwa waangalizi waliofichwa ufukweni walikuwa wakiyasahihisha kwa simu. Kombora moja liliipiga Mersey kwenye mzinga wake wa mbele, likaua na kujeruhi wapigaji wake. Severn iliokoka kwa kuhamahama na kwa kugundua kituo cha waangalizi mtini, ikakipiga. Hadi jioni meli mbili zilikuwa zimetupa makombora zaidi ya 600, Königsberg ilikuwa imepigwa mara chache, na Waingereza wakarudi Mafia bila kuimaliza. Njiani walipigwa risasi tena kutoka kingo zile zile.

Siku 5 baadaye, tarehe 11 Julai, ikiwa mwisho wa Shaabani 1333, zilirudi. Zilipita Kikunja kabla ya adhuhuri kwa namna ile ile, ulinzi wa mlango ukifyatua na kupitwa. Mara hii Severn ilisogea zaidi na meli mbili hazikufyatua kwa pamoja, ili mwangalizi wa angani ajue kila kombora ni la nani. Ndege ya rubani wa Kiingereza Cull, akiwa na mwangalizi wake Arnold, ilipigwa injini. Ikawa inashuka polepole kuelekea mtoni huku Arnold akiendelea kutuma masahihisho, ikatua majini karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Alichokuwa amekisema hewani kilitosha. Moto ukawaka melini, kishindo kikasikika, na baada ya saa mbili hivi za mapigano Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe kwa topedo yake yenyewe, ikakaa topeni ikiwa wima karibu.

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, mabadiliko yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililotokea kwenye betri yenyewe. La kwanza ni mzamo: adui alipata chombo kidogo vya kutosha kuvuka fungu siku yoyote. La pili ni bamba: chombo hicho kidogo kilikuwa na ngozi ya chombo kikubwa, jambo ambalo walioweka mizinga midogo mikokoni hawakulitarajia, na kusema kweli nani angelitarajia? La tatu ni jicho la angani, lililoondoa ulazima wa kupanda mkondo hadi kuiona meli. Kabla ya Julai adui alipaswa kupita mlango kisha apande mikondo yote akiwa katika hatari. Baada ya kupata ndege, alihitaji kuuvuka mlango tu. Betri ikapoteza nusu ya kina chake cha ulinzi bila mzinga hata mmoja kuhamishwa.

Je, walinzi wangeweza kufanya zaidi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Looff angeshusha mizinga miwili au mitatu ya milimita 105 na kuiweka Kikunja. Kwa karatasi linavutia, maana kombora la ukubwa huo kwa umbali wa mlangoni lingezitoboa Severn na Mersey. Nalitilia shaka kwa sababu mbili. Milango ni mingi, na mzinga mzito ulioketishwa topeni Kikunja haukimbizwi Simba Uranga usiku mmoja. Ungelinda mlango ambao adui angeuacha. Tena mradi Looff aliamini kwamba siku moja atatoka baharini, na hadi Rubens ilipopotea alikuwa na sababu ya kuamini, kuing'oa mizinga ni kukiri kwamba meli haitembei tena. Baada ya Aprili sababu hiyo ya pili ilikwisha, na hapo lawama ina nafasi zaidi. Lakini kufikia wakati huo malaria ilikuwa imewapunguza watu wake, na sehemu ya mabaharia ilikuwa imekwisha kupelekwa kwenye jeshi la nchi kavu la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki.

Mizinga baada ya mto

Jambo lililokataliwa wakati meli ingali hai lilifanyika ilipokufa. Mizinga yote 10 ilitolewa kwenye mabaki, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezwa na kuwekewa magurudumu, kisha ikasambazwa. Mingine ikawa betri za muda za pwani, mingine ikavutwa na mamia ya watu nyuma ya jeshi la Lettow-Vorbeck hadi ule wa mwisho ukaharibiwa mwaka 1917. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus iliyozamishwa Zanzibar, na mabaki ya meli yaliendelea kuonekana mtoni hadi miaka ya 1960.

Mwingine ulipandishwa reli ya kati hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, ile ile ambayo leo tunaiita Liemba. Adjutant nayo, tagi iliyotekwa na mizinga midogo ya Simba Uranga, ilivunjwa vipande na kusafirishwa kwa reli hiyo hiyo ili iunganishwe upya ziwani. Mafundi walikuwa bado hawajaimaliza Julai 1916, Wajerumani walipoihama Kigoma na kuiharibu tagi hiyo kwa mikono yao.